Nimenakili diski nzima, mbona kompyuta mpya inagoma?

SWALI: Nilinakili diski yote ya laptopu yangu ya zamani yenye Windows 10, nikaifunga hiyo nakala kwenye laptopu mpya. Ikiwaka inaleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Fundi anasema ninakili upya kwa programu nyingine, na suala la leseni atalimaliza yeye. Nifuate ushauri wake?

JIBU: Usinakili upya. Windows yako imeanza kupakiwa kutoka kwenye hiyo hiyo diski, kisha ilipofika zamu ya kuisoma kwa draiva yake yenyewe (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kifaa), ikashindwa kuiona diski. Hiyo si dalili ya nakala mbovu. Laptopu nyingi mpya zenye prosesa za Intel huipitisha diski kwenye mpangilio uitwao VMD, na Windows iliyozoea mashine ya zamani haina draiva yake. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI, ile inayofunguka kabla Windows haijawaka, uzime VMD. Kama namna ya kuisoma diski imeandikwa RAID, weka AHCI. Ikiulizia ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows linaloficha data za diski) wenye tarakimu 48, utautoa kwenye akaunti yako ya Microsoft au popote ulipouhifadhi. Bila huo, hakuna fundi wa kukufungulia.

Watu huniletea tatizo hili mfululizo, na karibu wote wameshaambiwa kwamba dawa ni programu bora ya kunakili. Si kweli. Nakala ikiwa kamili, inabeba kila kitu kama kilivyokuwa, zikiwemo draiva za mashine usiyonayo tena. Ukinakili mara kumi utapata skrini ya bluu mara kumi.

Hilo la leseni ndilo linalonitia hasira. Leseni iliyokuja na kompyuta ya zamani imefungwa kwenye ubao mama wake (motherboard), haihami. Iliyonunuliwa peke yake huhama, mradi uache kuitumia kule ilikotoka. Na laptopu mpya iliyouzwa na Windows kwa kawaida ina ufunguo wake ndani ya ubao mama. Sasa huyo fundi "atamaliza" nini? Kwa kawaida ni ile programu ya kuiamsha Windows kwa wizi, ambayo kwanza inakutaka uzime kingavirusi, kisha uipe mamlaka yote ya msimamizi. Umemfungulia mgeni usiyemjua mlango, kwenye mashine yenye nywila zako za benki! Nimesafisha mashine za namna hiyo nyingi mno, na nyingine mwenyewe alikuwa ameshapoteza akaunti zake.

Tena Windows 10 yenyewe iliacha kupewa masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama laptopu mpya ilikuja na Windows 11, irudishie diski yake, hamisha mafaili yako, na programu uzisakinishe upya kutoka kwa watengenezaji wake. Ni kazi ya siku moja.

Diski ya zamani usiifute, wala usimwachie fundi. Kaa nayo mpaka uwe umefungua mafaili yako kwenye mashine mpya, moja moja, ukaona yanasomeka.