Shahada ya miaka mitatu na viza ya H-1B

Ndugu wa Tabora, umeuliza kama shahada yako ya kompyuta ya miaka mitatu inatosha kwa H-1B, viza ya Marekani ya kazi za kitaalamu. Peke yake, mara nyingi haitoshi. Shahada ya Marekani huchukua miaka minne, kwa hiyo umepungukiwa mwaka mmoja, na kila mwaka unaokosekana hufidiwa kwa miaka mitatu ya kazi ya fani hiyohiyo. Miaka yako minne ya kusimamia mifumo inaingia. Ule mwaka wa kuuza simu Kigoma usiutaje hapa.

Wengi hukwama kwenye barua za waajiri. “Alifanya kazi kwetu vizuri” haisaidii kitu. Barua itaje tarehe, cheo, majukumu na jinsi yalivyopanda. Halafu, kampuni ya kutathmini vyeti hupima masomo tu. Uzoefu hupimwa na mhadhiri wa chuo cha Marekani mwenye mamlaka ya kuutolea alama za masomo.

Maombi hupelekwa na mwajiri, si wewe, kwa hiyo anayekuuzia fomu ni tapeli. Na Septemba 2025 ilitoka amri kwamba mwajiri anayemwita mtu aliye nje ya Marekani alipe dola 100,000. Mwulize mapema kama yuko tayari.