Mfamasia ana kazi gani chumba cha dharura?

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana kisukari, anameza glibenklamidi. Wiki ile alinunua Septrin dukani kwa ajili ya UTI. Alfajiri moja tukamkuta hajitambui, sukari imeshuka hadi 1.9. Hospitali wakampa dripu ya sukari, akazinduka. Mara akaja mfamasia na maswali lukuki: anatumia nini, nani kampa, kuna mitishamba? Halafu wakamlaza hadi kesho yake. Huyo si wa dirisha la dawa? Na kwa nini alazwe wakati alishapona?

JIBU: Marahaba, pole kwa kuuguza.

Hakuwa amepona, alikuwa amezinduka tu. Glibenklamidi huilazimisha kongosho kutoa insulini inayoshusha sukari, na inaweza kuendelea hivyo kwa saa 24, hata zaidi kwa mtu mzima ambaye figo zimechoka. Septrin huiongezea makali. Sukari iliyopandishwa asubuhi huweza kuporomoka tena jioni, na nyinyi mko nyumbani mnashukuru Mungu. Wakati daktari anahangaika na mshipa na pumzi, anayekaa kuunganisha vidonge hivyo viwili ni huyo unayetaka arudi dirishani. Ndiye pia anayepiga hesabu ya dozi ya mtoto kwa kilo zake, na kuuliza adrenalini inakwenda kwenye msuli au kwenye mshipa kabla haijachomwa, maana dozi za njia hizo mbili si sawa.

Kinachonichosha ni sentensi moja ya ndugu wa mgonjwa: "Hatumii dawa nyingine." Subiri mkoba ufunguliwe. Kuna bahasha imeandikwa 1×2, jina la dawa hakuna. Kuna diklofenaki ya mgongo. Kuna chupa ya soda yenye maji ya kahawia, "ya kusafisha damu." Eti hizo hazihesabiwi kwa kuwa hazikutoka kliniki! Figo haziulizi risiti.

Na huyo muuzaji anayeapa kwamba ni mizizi mitupu, kapima maabara ipi? Singapore, mwaka 2008, watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya. Wengi wao walikutwa na glibenklamidi mwilini. Ilikuwa imechanganywa kwenye dawa za magendo za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kwa jina la mitishamba. Wanne walifariki. Kwa hiyo "ya asili haina madhara" mwambieni mwingine, si mimi.

Mama asinunue tena dawa ya UTI bila kutaja kisukari chake. Mpelekeni kliniki wiki hii, msingoje tarehe, na mbebe kila kitu anachomeza, bahasha na chupa. Ombeni apimwe figo, kisha daktari aamue kama glibenklamidi bado inamfaa. Usiku akitoka jasho au akianza kuongea visivyoeleweka, pimeni sukari. Akiweza kumeza, apewe maji yenye sukari. Akiwa hajitambui, msimmiminie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali.