Kumuenzi mwanariadha wa shule yenu: nendeni mkakae nae kabla hamjachonga kibao

Alikuwa anakimbia peku. Ukimkuta mtu yeyote aliyesoma shule yetu miaka ya tisini ukamtajia yule dada, hilo ndo la kwanza atakwambia, alafu ataendelea na jinsi alivyokuwa anawaacha wenzake kwenye kona ya pili pale kwenye mikaratusi. Mwaka 1996 mimi niko kidato cha kwanza, yeye cha nne, na siku ya michezo hata wapishi walikuwa wanaacha ugali jikoni wanakuja kusimama pembeni ya uwanja na miko mkononi. Jina lake silitaji hapa maana mwenyewe kasema hataki liwekwe mtandaoni, na nyie mnaopanga jambo kama hili muulizeni mtu wenu swali hilo mapema kabisa.

Mwaka juzi sisi wanafunzi wa zamani tukaamua tumuenzi. Tukafungua grupu la wasapu, michango ikaanza kuingia vizuri tu, mmoja akachukua kazi ya tisheti, mwingine kibao cha marumaru cha kubandika ukuta wa bwalo, mimi nikapewa kuandika maneno ya kwenye kibao kwa sababu ndo naishi karibu na shule. Nikaandika "Bingwa wa Taifa, mita 800, UMISSETA 1996", yaani yale mashindano ya shule za sekondari nchi nzima. Watu 60 na kitu kwenye grupu wakaweka dole gumba, hakuna hata mmoja aliyebisha, wote tulikuwa tunakumbuka hivyo hivyo.

Nikaenda kumuonyesha nyumbani kwake. Ana kibanda cha kushona nguo mbele ya nyumba, cherehani la miguu, na siku hiyo alikuwa anakunja pindo la sketi za shule. Shikamoo dada, marahaba mdogo wangu, karibu chai. Nikampa karatasi akavaa miwani akaisoma taratibu, akairudia, alafu akaiweka juu ya meza ya cherehani akailaza kwa kiganja kama anavyolaza kitambaa. Akasema, "Mimi sikuwa wa kwanza. Nilikuwa wa tatu. Mkiniandika mimi, yule aliyeshinda mmemuweka wapi?"

Kisha akaanza kunihadithia ile fainali na nilikaa pale mpaka jua linazama. Akanielezea msichana aliyeshinda alivyokuwa mrefu, anatupa hatua kama anaruka mfereji, na yule wa pili aliyempita mita kumi za mwisho kwa sababu yeye aligeuka kuangalia nyuma. Miaka yote hiyo na bado anakumbuka alivyogeuza shingo. Akasema ile nafasi ya tatu ndo mbio nzuri kuliko zote alizowahi kukimbia maishani, kuliko zote alizoshinda pale shuleni, kwa sababu siku ile alikimbia na watu waliomzidi akawabana mpaka mwisho. Na sisi tulikuwa tunataka kuifuta tuweke ya uongo, kwa mapenzi mema kabisa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwangu mimi ndo mkubwa kuliko yote: mkumbukeni kwa kile alichofanya kweli. Msimuongezee. Mtu akiongezewa sifa anajua, na mbele za watu itabidi akae kimya anyanyue mkono kupokea kitu ambacho si chake. Sisi watu wa Manyara tungepaswa tulijue hili kuliko wengine maana John Stephen Akhwari ni wa huku kwetu Mbulu. Kwenye Olimpiki ya Mexico 1968 alimaliza maratoni akiwa wa mwisho, wa 57, saa 3 dakika 25 na sekunde 27, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Mpaka leo dunia inamkumbuka na ile namba yake iko pale pale, hakuna aliyeona haja ya kuipandisha.

Na wapinzani wake muwaweke. Hata Filbert Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, ukisimulia mbio zake za Jumuiya ya Madola kule Christchurch tarehe 2 Februari 1974 bila kumtaja John Walker wa New Zealand unakuwa umeikata hadithi katikati: Bayi alishika mbele toka mwanzo akamaliza mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia, na Walker aliyekuwa anamfukuza wa pili nae alikuwa ameshaipita rekodi ya zamani. Ukubwa wa Bayi siku ile unauona kwa aliyekuwa nyuma yake. Sisi tulimtafuta yule aliyekuwa wa pili kwenye ile fainali, ilichukua kama miezi miwili kupitia ndugu wa ndugu, na alipofika siku ya shughuli wale wawili walishikana mikono hawakuachana mpaka chakula kinaisha.

Sasa mtajuaje ukweli? Hapo pana kazi. Ukuta wa ofisi ya walimu ulikuwa na rekodi za shule zimeandikwa kwa rangi, nilizisoma kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi, ila jengo lilikuja kupakwa rangi upya na hakuna aliyenakili. Mkiwa bado na ukuta kama huo shuleni kwenu nendeni mkaupige picha wiki hii. Sisi tuliokolewa na mwalimu wetu wa michezo, mzee sasa, amestaafu, alikuwa ameweka daftari lake kubwa la kaunta ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vya wanawe. Kurasa zimeliwa na mende pembeni lakini namba zinasomeka, kaziandika kwa kalamu ya wino mwenyewe: tarehe, mbio, jina, muda, na pembeni maneno mawili matatu kama "upepo", "matope", "ameanguka akainuka". Muda bora wa dada kwenye mita 800 pale shuleni ni dakika 2 na sekunde 21. Mwalimu akatuonya tusiulinganishe na muda wa uwanja wa kisasa, kwanza saa ilikuwa ya mkononi, alafu ule uwanja wetu yeye aliupima kwa kamba na mistari ilichorwa kwa majivu, kona moja ina kilima. Basi na hilo tukaliandika, "uwanja wa shule, saa ya mkono". Watu wa mchezo wakisoma hayo maneno wanaelewa.

Kuhusu pesa nitasema machache. Msitangaze kiasi kwenye maiki, msimpe bahasha mbele ya kamera, na msiamue nyie kwamba anahitaji nini. Kwenye grupu kulikuwa na mawazo ya kumjengea, kumnunulia hiki na kile, wengine wanaongea kana kwamba dada wa watu ana shida, wakati yeye ana kazi yake na kasomesha watoto kwa lile cherehani. Tulipomuuliza alitaka vitu viwili. Cha kwanza wasichana wa timu wapate raba na sehemu ya kubadilishia nguo yenye mlango unaofungwa, kwa sababu enzi zake walikuwa wanashikiana kanga nyuma ya darasa. Cha pili akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Naomba siku hiyo saa nishike mimi." Toka amalize kidato cha nne hajawahi kualikwa siku ya michezo hata mara moja. Anaishi kilomita nne kutoka pale, firimbi anazisikia upepo ukivuma upande wake.

Pesa ya marumaru tukaihamishia kwenye raba na mlango. Kibao tukafanya cha mbao, fundi wa hapa hapa kijijini.

Mti pia tulipanda na hapo tuliteleza, nawaambia ili nyie msirudie. Wazo tulilitoa Iten kule Kenya, Shule ya St. Patrick's ambako Brother Colm O'Connell, mtawa wa Ireland na kocha wa riadha, kafundisha toka 1976, pale wanapanda miti kwa ajili ya wanafunzi wao waliokuja kuwa mabingwa, kila mti na jina lake, kina Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1500 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988. Ni jambo zuri sana na bei yake ndogo. Wetu tuliupanda mwezi wa saba, kiangazi, wanafunzi wanakaribia kutawanyika, hatukumpa mtu jukumu la kumwagilia wala hatukuuwekea uzio, mwezi wa tisa mbuzi wameshaumaliza. Dada mwenyewe ndo aliyeniambia maana alipita akauona. Nilijisikia vibaya sana. Wa pili tumepanda mwanzoni mwa mvua, una uzio wa miti, na kuna mkondo wa kidato cha kwanza ambao ndo wenye zamu. Kwa hiyo chochote mnachokianzisha, iwe mti au kombe au mbio za kila mwaka, mjiulize mwaka wa tatu nani atakuwepo na ndoo. Kama hamna jibu fanyeni kitu kidogo zaidi.

Na kama mnayetaka kumuenzi ameshafariki, anzeni kwa familia, na hasa mama yake kama yupo. Waulizeni picha gani itumike. Iwe ile wanayoipenda wao, hata kama haionyeshi akikimbia.

Siku yenyewe hotuba tulizipunguza, mgeni rasmi tulimuomba dakika tano na alitusikiliza, watoto hawakukaa juani. Dada alikuja na gauni alilolishona mwenyewe, la bluu, na raba nyeupe miguuni, watu wazima kwenye viti wakaanza kupiga kelele "peku! peku!" akacheka mpaka akainama. Mwalimu wetu mzee alikaa pembeni yake na daftari magotini. Mita 800 wasichana walikuwa tisa, wa kwanza ni mtoto wa kidato cha pili, mwembamba, alifika akaanguka kwenye majani anahema. Dada akamfuata pale pale chini akachuchumaa akamuonyesha saa, dakika 2 na sekunde 33, akamwambia, "Ulianza haraka mno, ile kona ya kilima ungeisubiri." Kisha akarudi kwa mwalimu, akachukua kalamu, akafungua ukurasa mpya akaandika jina la yule mtoto, muda wake, na pembeni akaandika "jua kali".