Kabla ya kitufe cha mbele, zunguka nyuma

Vijana wa meza za ufundi, kuanzia Lindi mjini hadi Masasi, nawapenda, lakini ule mlio wa "pu!" wa kompyuta kulipuka ndani umerudi tena. Someni hii kabla hamjachomeka kompyuta nyingine ya mtumba.

1. Kiswichi chekundu. Baadhi ya mashine zinazofika kwenye steshenari zetu zimetoka Marekani, kwenye umeme wa volti 120. Pawasaplai zake za zamani (lile boksi la ndani linalogawa umeme) zina kiswichi kando ya tundu la waya wa umeme: 115 au 230. TANESCO inatuletea 230. Kikibaki kwenye 115, saketi ya ndani inaendelea kuzidisha volti mara mbili, kama ilivyoundwa kufanya kwenye umeme mdogo. Kapasita mbili kubwa (vikopo vinavyohifadhi chaji), ambazo kwa kawaida huandikwa volti 200, zinasukumiwa zaidi ya 300 kila moja. Zinavimba, zinapasuka, fyuzi inakatika, na mwenye mashine amesimama pembeni anatazama moshi. Wala haisubiri mtu abonyeze kitufe: ukiwasha soketi ya ukutani tu, imekwisha. Wengi tumelifanya kosa hili, mimi nimo, kwa sababu macho yanakuwa mbele kwenye taa huku mkono unachomeka nyuma. Kisha tunaongeza kosa la pili, kubadilisha fyuzi peke yake. Fyuzi iliyokufa hivyo mara nyingi imeondoka pamoja na kapasita au dayodi. Weka pawasaplai nyingine nzima. Ukikuta lebo imeandikwa 100-240V na hakuna kiswichi, hiyo inajirekebisha yenyewe.

2. Kitufe cha mbele hakikati umeme. Kinaiarifu mazabodi (ubao mkuu wa ndani) tu, na volti 5 za akiba zinabaki ndani maadamu waya umechomekwa. Kwa hiyo usichomoe ramu (kijibao cha kumbukumbu) kwa kuwa tu taa imezimika! Chomoa waya, halafu shikilia kitufe sekunde chache chaji iishe. Kukishikilia sekunde 4 au 5 ili kuzima kwa nguvu ni kwa mashine iliyoganda tu. Windows ikiwa inaandika kwenye diski, faili zinaharibika.

3. Nyaya za paneli ya mbele. Kwenye mazabodi nyingi kuna pini 9, na nafasi ya 10 iko wazi. Hiyo ndiyo alama yako ya kujua uanze kuhesabu upande gani. Pini 1 na 3 taa ya diski, 2 na 4 taa ya pawa, 5 na 7 riseti, 6 na 8 kitufe cha pawa. Vitufe havina chanya wala hasi, taa zinazo: isipowaka, igeuze. Dell na HP mara nyingi wana mpangilio wao, msilazimishe.

4. Kama kuna kadi ya picha, waya wa kioo (skrini) uchomekwe kwenye kadi, si kwenye mazabodi.

5. Taa ya pawa inawaka, feni inazunguka, kioo cheusi: anza na ramu. Hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani inatia ukungu kwenye meno yake. Yasugue taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka klipu zijifunge zenyewe.