Propela ya ndege ya raba inayokwama

Ndugu, umesema propela ya ndege yako ndogo ya mfano, ile ya kurusha ndani ya ukumbi kwa nguvu ya raba iliyosokotwa, inakwaruza wakati raba imejaa mizunguko, halafu inasimama wakati raba bado ina nguvu. Usikimbilie mafuta. Raba iliyokazwa huvuta nyuma shafti, yaani waya unaobeba propela, kwa hiyo msuguano mkubwa uko pale propela inapoegemea beringi, kipande chenye tundu ambamo shafti huzungukia.

Kati ya propela na beringi weka washa mbili ndogo (viduara bapa vyenye tundu) za tefloni, plastiki yenye utelezi. Moja huganda kwenye shafti, nyingine huteleza. Ukikata waya wa shafti, ncha hubaki na makali: isugue kwa msasa laini kabla ya kuipitisha, la sivyo itachimba tundu la beringi. Kwa waya wa milimita 0.5, tundu la 0.6 latosha. Likipwaya zaidi, propela inayumba.

Kisha tazama ndoano ya mwisho wa shafti, inayoshika raba. Hapa ndipo wengi hukosea: raba isipokaa katika mstari wa shafti, shafti hubanwa upande mmoja na propela hutikisika. Ikunje ndoano upya kwa koleo jembamba.

Tone dogo la mafuta ya cherehani, kwa ncha ya sindano, baadaye. Grisi hapana, ni nzito mno.