Kabla ya kumpeleka mtoto mlimani, mtazame akishuka

"Mbona watoto wa Lushoto wanapanda vilima kila siku kwenda shule, tena na kandambili?" Hapa Tanga mjini, ukisema mwanao bado hajawa tayari kwa mlima, hakosi mtu wa kukuambia hivyo. Ni kweli wanapanda. Lakini wale wamezaliwa mtelemkoni. Pa kukanyaga wanapajua tangu walipoanza kutembea, baridi wameizoea, na ukungu ukiwafunika hawababaiki. Wangu wamekulia Ngamiani, kwenye barabara bapa. Pumzi wanazo, maana baiskeli hawashuki, ila udongo mwekundu uliolowa mvua ni kitu kingine kabisa.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu akiniuliza mtoto aanze na miaka mingapi, namrudishia maswali mawili: anashukaje, na je, akiumwa anasema?

Wengi wetu humpima mtoto kwa kupanda. Kupanda hakuna siri. Akichoka atahema, atakaa chini, atalia kidogo, mtakunywa maji, mtaendelea au mtarudi. Balaa liko kwenye kushuka. Mapaja yameshachoka, na sasa ndiyo yanayotakiwa kuuzuia mwili usiende mbio. Akili ya mtoto imeshafika kwenye chipsi. Halafu watoto wanapenda mno kukimbia mtelemko. Mimi huangalia saa ya mwisho ya matembezi, siyo ya kwanza: bado anachagua pa kuweka mguu, au anajiachia tu? Nikisema "simama", anasimama palepale, au kwanza aniulize "kwa nini, mama?" Wa kuuliza kwa nini namsifu nyumbani, mlimani simpeleki. Ukifika Irente, kilomita kama tano kutoka Lushoto mjini, utanielewa. Jabali linakatika ghafla na tambarare za Mazinde ziko chini kabisa. Pale hakuna muda wa kujadiliana.

Hilo la kusema ndilo gumu zaidi. Kitinda mimba wangu ni ngangari, kila mtu anamsifu, na ndiye anayenitia wasiwasi. Aliwahi kutembea na malengelenge mpaka soksi ikagandana na kidonda, kimya, kisa hataki kaka yake amwone mnyonge. Dada yake analalamika tangu tunateremka kwenye basi: viatu vinabana, jua kali, njaa. Mimi nikiambiwa nichague, nitakwenda na huyu mlalamishi, kwa sababu najua hali yake dakika kwa dakika.

Juu zaidi, kusema kunakuwa suala la uhai. Kuanzia mita kama 2,500 hewa nyepesi huanza kuwasumbua watu: kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, usingizi mbovu. Mtu mzima atakuambia kichwa kinamgonga. Mtoto mdogo huenda asikuambie. Utaona tu amekuwa mkorofi, chakula hataki, kucheza hataki, nawe utadhani ni deko. Dawa yake ya kuaminika ni kumshusha chini, hata kama kilele mnakiona. Uzuri wa milima ya Usambara, iliko Lushoto, ni kwamba tatizo hilo halipo. Lushoto mjini ni kama mita 1,400, na hata vilele vya Magamba havifiki 2,500. Mtoto anajifunza baridi, utelezi na ukungu kwanza, bila kugombana na hewa.

Sisi tulianzia mapango ya Amboni. Najua siyo mlima. Lakini giza la mle ndani, na tochi ya mwongozaji inayotangulia, vitakuonyesha haraka nani anafuata maelekezo na nani anashikwa na kiwewe. Kisha msitu wa Amani, kule juu ya Muheza, njia zina kivuli na unaweza kurudi wakati wowote. Ndipo Irente, halafu msitu wa Magamba na mwongozaji wa kule. Huyo mlipeni hata kama mnadhani njia mnaijua. Tena watoto humsikiliza yeye kuliko mama yao, sijui kwa nini.

Nguo kwa ufupi: raba yenye meno iliyokwisha kuvaliwa kabla ya safari, soksi za akiba, sweta na koti la mvua. Watoto wa pwani hawaamini habari ya sweta mpaka wafike Lushoto mwezi wa Julai. Masika msiende, njia zote zinateleza. Begani mtoto abebe maji yake na sweta lake tu.

Sasa mkubwa ameanza habari za Kilimanjaro. Hifadhi hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 10 kwenda kileleni, naye ameshaivuka, kwa hiyo anadhani kesi imekwisha. Miaka 10 inamfungulia geti tu; mita 5,895 ziko palepale. Nimemwambia kwanza tutembee kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae, safari ya siku kadhaa, tukilala njiani. Siku ya kwanza kila mtoto ni shujaa. Asubuhi ya tatu, miguu inauma na nje kuna ukungu, akiamka akavaa viatu bila kusukumwa, na akaniambia ukweli ni wapi panapouma, hapo tutaanza kuongea na baba yake habari ya pesa.