Sikio linalodunda kama moyo

SWALI: Mama yangu anasikia mdundo sikioni, tena unakwenda sawasawa na mapigo ya moyo. Wameona wekundu nyuma ya ngoma ya sikio, wanataka kukata kinyama cha kupima. Tukubali? – Msomaji, Mafinga

JIBU: Msikubali kabla ya picha. Wekundu huo unaweza kuwa uvimbe wa mishipa ya damu uitwao glomasi, au ateri kuu ya shingo iliyopotoka ikapita sikio la kati. Hiyo ikitobolewa, damu humwagika vibaya, na kiharusi kinaweza kufuata. (Ingekuwa buluu, ningeshuku vena ya shingo iliyopanda juu.) Ombeni picha ya CT (eksirei ya kompyuta inayopiga vipande vipande) ya mfupa wa sikio, kila kipande kisizidi unene wa milimita 1. Ateri iliyopotoka kwa kawaida huachwa, ila iandikwe wazi kwenye faili. Glomasi ndogo huondolewa kwa upasuaji. Mwoneni bingwa wa masikio, Mbeya hata Dodoma.